Bonde la Jerte kwa baiskeli ya resi: lala chini, panda ukiwa bado mzima

"Kocha habari za leo. Mimi ni Mtanzania naishi Rotterdam, naendesha baiskeli ya resi miaka kadhaa sasa ila huku kama unavyojua ni tambarare tupu, mlima wetu mkubwa ni daraja. Mwakani mwishoni mwa Machi mdogo wangu wa kiume anakuja kutoka Arusha, yeye yuko kwenye klabu na ana pumzi, tunataka siku tano bonde la Jerte kule Hispania tuone cheri zikichanua. Bonde nilichagua makusudi maana nilijua ni tambarare, sasa mtu kaniambia kuna barabara zinafika mita 1,400 nimeogopa. Naomba kujua: N-110 baiskeli zinaruhusiwa au ni haiwei? Nataka kuchukua chumba Tornavacas kule juu ili niwe karibu na milima, ni sawa? Hewa haitakuwa nyepesi? Goti langu la kulia linauma kwa mbele nikipambana na upepo wa mbisho muda mrefu, gia yangu nyepesi kabisa ni meno 39 mbele na 25 nyuma. Na kwa siku tano nipande mlima upi, niache upi?"

Dada yangu, nimefurahi umeandika mpaka namba za gia, hiyo ndo inanisaidia nikujibu wewe na sio mtu yeyote tu. Nikutoe presha kwanza: mahali umechagua vizuri, N-110 unaruhusiwa, hewa haitakusumbua kabisa, goti lako ndo la kushughulikia kabla hujafunga begi, na hicho chumba cha Tornavacas naomba usikilipie mpaka umalize kusoma hapa.

Tuanze na hiyo ya bonde kuwa tambarare. Sisi wengi tukisikia bonde tunawaza Kilombero au Rufiji, mto mpana na mashamba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Jerte sio hivyo. Kuna ufa mkubwa wa kijiolojia unaoanzia kusini magharibi mwa Ureno, unapita Plasencia na kuendelea mpaka upande wa Ávila, zaidi ya kilomita 500 kwa jumla, na mto Jerte umejichimbia njia humohumo kwenye mwamba uliopasuka kwasababu ndipo palipokuwa laini. Ukifungua ramani utaona bonde limenyooka kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, na pande zote mbili kuta za graniti zinapanda moja kwa moja. Chini kuna nafasi ya mto, barabara, vijiji na bustani, basi, vingine vyote viko mlimani, hata cheri zenyewe zimepandwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe, tuta juu ya tuta.

Sasa barabara inayofuata mto inapanda vile mto ulivyo, na mto haupandi sawasawa. Huku chini maji ni mengi na yamekata ardhi muda mrefu kwahiyo yamelala, kule kwenye chanzo maji ni machache na mwamba ni mgumu kwahiyo ni mwinuko mkali. Chukua nusu ya kamba ya kuanikia nguo iliyolegea, katikati imelala, ikikaribia mti inapanda ghafla. Ndo N-110 hiyohiyo. Plasencia iko kwenye mita 350 hadi 400, unaenda kilomita 30 na kitu mpaka Cabezuela del Valle ambayo ni mita 500 na kidogo, yaani umepanda kidogo mno hata hujahisi. Kutoka hapo mpaka kijiji cha Jerte ni kilomita chache tu na uko mita 600. Halafu ndo mambo yanaanza, Tornavacas iko karibu mita 870, na kilele chenyewe, Puerto de Tornavacas, mita 1,275. Kipande cha mwisho kutoka kijijini mpaka juu ni kilomita 7 hivi na wastani wa asilimia 5 na kidogo, kona pana, lami nzuri, hakuna ukuta wa kukutisha.

Ukilielewa umbo hilo umeshaelewa safari nzima, na hapo ndo naingia kwenye chumba chako. Ukilala Tornavacas kila asubuhi utaanza kwa kushuka, mwili haujapata moto, vidole vya baridi vimeshika breki, halafu jioni umechoka, maji yameisha, ndo unakutana na sehemu kali kabisa ya bonde unarudi nyumbani. Ukilala Navaconcejo au Cabezuela, vijiji vya katikati ya bonde, inakuwa kinyume, unapanda ukiwa mzima na popote utakapochoka, iwe kilomita ya 5 au ya 18, unageuza baiskeli na inakurudisha yenyewe. Kwa mtu anayejaribu milima kwa mara ya kwanza hakuna kitu kinachotuliza roho kama kujua kwamba njia ya kurudi ni mteremko. Plasencia nayo ni mji mzuri, ina stesheni ya treni, hospitali na maduka, ila ukikaa pale kila siku utatumia kilomita 20 na zaidi za N-110 kabla hujafika kwenye milima mikubwa, na hizo ndo zina magari mengi. Kwahiyo katikati ya bonde, ndo ushauri wangu.

Hewa nepesi sahau. Mdogo wako anaishi Arusha ambayo iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, barabara ya juu kuliko zote utakayosikia ikitajwa kwenye safari hii, Puerto de Honduras, ni mita 1,430 hivi, kwahiyo yeye kule kileleni atakuwa yuko nyumbani. Wewe unayetoka usawa wa bahari utaona pumzi inapanda haraka kidogo ukikaza, lakini kwenye mwinuko wa namna hii hakuna ugonjwa wa kimo. Kitakachokupata ni baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 na kitu, halafu ukianza kushuka na jasho mwilini upepo unamalizia kazi. Mfukoni beba koti jepesi la kuzuia upepo na glavu za vidole vizima hata kama chini kuna jua la kuvaa fulana.

Goti na gia ni kitu kimoja, na hapa naomba utulie maana ndo penye uamuzi wa safari yako. Unaposema linauma mbele, na linauma ukipambana na upepo muda mrefu, picha ninayoipata ni ya mtu anayesukuma gia nzito kwa mwendo wa mguu wa polepole. Kila ukikandamiza pedeli goti likiwa limekunjwa, kile kifuniko cha goti kinabanwa kwenye mfupa wa paja, na jinsi unavyosukuma kwa nguvu zaidi ndo kinavyobanwa zaidi. Siti ikiwa chini kuliko inavyotakiwa goti linakunjwa zaidi, inakuwa maradufu. Kwenye tambarare unaweza kujificha, ukichoka unapunguza mwendo na baiskeli inaendelea kuserereka. Mlimani hamna kuserereka, ukipunguza unasimama.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme wewe, baiskeli, maji na nguo ni kilo 75. Kwenye mwinuko wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa miguu inatakiwa itoe kama wati 105 hadi 110, ambazo mtu anayeendesha mara kwa mara kama wewe anazo bila shida, tena kwa saa nzima. Tatizo sio wati. Kwa gia yako ya 39 na 25, mzunguko mmoja wa pedeli unasogeza baiskeli mita 3.3 hivi, maana yake kwenye mwendo huo miguu itazunguka mara 41 tu kwa dakika, kila mkandamizo ni wa kupanda ngazi ndefu. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma mzunguko mmoja ni mita 2.1, miguu inazunguka mara 63, nguvu ni ileile kwa jumla lakini kila mkandamizo umepungua sana, ile gia ya 39 na 25 inabana goti zaidi ya mara moja na nusu. Na ukitaka kuzungusha mara 63 kwa gia uliyonayo itabidi uende kilomita 12 na zaidi kwa saa, hapo wati zinapita 160 na hiyo sio matembezi tena, ni mashindano. Sasa zidisha kwa saa moja na nusu ya kupanda, goti gani litakubali?

Kwahiyo peleka baiskeli kwa fundi mapema, sio wiki ya safari. Mwambie unataka meno 34 mbele na kaseti (ile seti ya gia za nyuma) ya 32 au 34, yeye ataangalia kama krenki yako (mikono ya pedeli na gia zake za mbele) inapokea 34, maana nyingi za zamani zenye 39 hazishuki chini ya 38 na inabidi krenki nzima ibadilishwe, na nyuma kile kifaa kinachohamisha cheni kinatakiwa kiwe cha mkono mrefu la sivyo kaseti kubwa haitafanya kazi. Ukijumlisha gharama ukaona ni kubwa kuliko thamani ya baiskeli yenyewe, kodi baiskeli Madrid au mji mwingine mkubwa kabla ya kwenda, usitegemee kuikuta ya resi ya saizi yako kijijini. Mtu akikwambia "kaza tu goti litazoea" usimsikilize, goti halizoei hivyo.

Na hili siwezi kulimaliza kwa maandishi. Kabla ya yote nenda kwa fiziotherapia akushike hilo goti, Uholanzi unaweza kwenda moja kwa moja bila barua ya daktari wa familia. Usisubiri hata kidogo kama linavimba, linakwama au linalegea ghafla unapotembea, linauma usiku ukiwa umelala, au maumivu ya kushuka ngazi hayaishi baada ya wiki mbili za kupumzika, hayo ni ya daktari na sio ya kocha. Akikuruhusu, mtafute mtu wa kupima mkao wako kwenye baiskeli, urefu wa siti na nafasi ya viatu, ila kila badiliko liwe la milimita chache na ulizoee wiki kadhaa kabla ya safari. Na tafadhali usimeze dawa ya maumivu asubuhi ili upande mlima, utakuwa umezima kengele ambayo ndo inakulinda.

Tuje barabarani. N-110 ni barabara ya taifa ya kawaida, njia moja kwenda moja kurudi, inatoka Soria inapita Segovia na Ávila mpaka Plasencia, na baiskeli ina haki humo. Zinazochanganya watu ni zile za A, kama A-66 inayopita karibu na Plasencia, ile ni ya magari ya kasi na hata pale sheria inapokuachia upite pembeni mimi sikushauri hata kilomita moja. Nje ya miji helmeti ni lazima kisheria, sio hiari. Mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba, ila kwenye kona zisizoonekana mbele rudini mstari mmoja. Gari likikupita linatakiwa likuachie angalau mita moja na nusu, na dereva anaruhusiwa hata kukanyaga mstari usiokatika ili akupite kwa nafasi kama mbele ni salama, kwahiyo ukiona gari linahamia upande wa pili mbele yako usishtuke, anakuheshimu. Spika za masikioni marufuku. Na bia ya mchana inahesabika, vipimo vya pombe vinamhusu hata wa baiskeli.

Madereva wa huko kwa kweli wamezoea baiskeli. Hatari ninayoiona mimi ni ile ya msimu wa maua kwenyewe, wikiendi za mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili wanakuja watu kutoka Madrid, Salamanca na kwingine, magari yanajipanga, kila mtu anaangalia mlimani sio barabarani, mmoja anasimama ghafla apige picha, mwingine anafungua mlango bila kutazama nyuma. Ikiangukia na wiki ya Pasaka ndo zaidi. Jumamosi na Jumapili pandeni barabara za pembeni, N-110 muiache kwa siku za kazi, tena mapema.

Mapema yenyewe ina kikwazo. Hispania inatumia saa za Ulaya ya kati wakati Extremadura, jimbo lenye bonde hili, iko magharibi kabisa, kwahiyo saa zikishasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi jua huko linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na linazama karibu saa tatu usiku. Kuondoka saa kumi na mbili asubuhi kama tunavyofanya nyumbani ni kuendesha gizani kwenye baridi kali. Saa tatu mpaka saa saba mchana ndo dirisha zuri. Kumbuka pia kuanzia saa nane maduka ya vijijini yanafunga mpaka jioni, kwahiyo ndizi na mikate nunua kabla ya kuondoka, Jumapili ndo usitegemee kabisa.

Kuhusu maua niwe mkweli kwako, tarehe hakuna anayeweza kukuahidi. Kila mwaka hali ya hewa inaamua, kwa kawaida ni nusu ya pili ya Machi mpaka siku za mwanzo za Aprili, na kila eneo linachanua kama siku kumi tu halafu upepo na mvua vinamaliza. Kuna miti ya cheri zaidi ya milioni moja na maua ni meupe, usitegemee yale ya waridi ya Japani. Lakini nyie wa baiskeli mna bahati ambayo wa mabasi hawana. Huko chini kwenye joto miti inatangulia, juu inachelewa, kwahiyo ukikuta Navaconcejo yameshadondoka unapanda tu kuelekea Tornavacas au kijiji cha Piornal kule mlimani mpaka uyakute, na ukifika mapema juu kukiwa bado matawi makavu unashuka upande wa kijiji cha El Torno. Ndani ya siku tano na tofauti ya mita 600 na zaidi kati ya chini na juu, nafasi yenu ya kuyaona ni kubwa.

Ila mvua beba akilini. Bonde limefungua mdomo kusini magharibi, na mawingu ya Atlantiki yanatoka hukohuko, yanaingia yanapanda mlima yanamwaga, sehemu za juu zinapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kukiwa na jua upepo wa mchana hupanda bonde, kwahiyo unaporudi chini utakuwa na mbisho kidogo, lakini unashuka, hautakuumiza kama ule wa Rotterdam.

Milima sasa. Siku ya kwanza msishindane na mtu, toka Cabezuela mpaka Tornavacas kijijini na kurudi, jaza maji, angalia goti linasemaje. Siku ya pili kama goti limekaa kimya nendeni mpaka kileleni Puerto de Tornavacas. Juu kule nchi inabadilika kabisa, unaacha mabonde ya matuta unaona upande wa Ávila, kukavu na kwa wazi, na mdogo wako akitaka ashuke mpaka El Barco de Ávila kwenye maharage yao maarufu halafu apande kurudi, wewe mngoje chini Tornavacas mahali pa kahawa. Siku ya tatu pumzikeni miguu ya baiskeli, kutoka kijiji cha Jerte kuna njia ya kutembea mpaka Los Pilones ndani ya hifadhi ya Garganta de los Infiernos, maji yamechonga mwamba wa graniti mabeseni makubwa ya mviringo, ni matembezi ya nusu siku.

Siku ya nne ni Piornal, na huu mlima ndo ningependa sana uupande. Ni kijiji cha juu kuliko vyote Extremadura, karibu mita 1,175, na mwaka 2022 mbio za baiskeli za Vuelta a España ziliupanda mara mbili ndani ya siku moja kwa pande tofauti, Remco Evenepoel akashinda juu pale baada ya kumkamata Robert Gesink mita za mwisho kabisa. Kwa mashindano ni vita, kwa wewe mwenye gia ya 34 na 34 ni kilomita 13 hivi za asilimia 5 hadi 6 zisizobadilikabadilika, na hiyo ndo inayoufaa mguu wa tambarare, maana ukishapata mdundo wako unaushika mpaka juu. Ukipitia Valdastillas unaanza katikati ya cheri, kila kona bonde linafunguka zaidi chini yako, halafu cheri zinakwisha unaingia kwenye misitu, halafu kijiji. Panda kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima, ukianza kukata maneno punguza. Kula kitu kidogo kila nusu saa hata kama huna njaa. Mdogo wako akiwa na hamu ashuke upande wa pili mpaka Garganta la Olla, arudi na mita 600 nyingine za kupanda, au azunguke kupitia Jaraíz de la Vera mpaka Plasencia, mzunguko ambao ukiuanzia na kuumalizia Plasencia unakaribia kilomita 100. Wewe rudi ulikotoka, huna deni na mtu.

Ya tano iwe ya barabara ya ubavuni, El Torno na Rebollar, upande wa pili wa mto ukitazamana na Piornal. Magari machache, kupanda na kushuka kwa vipande vifupi, na bonde zima unaliona mbele yako.

Utakaouacha ni Puerto de Honduras. Inaniuma kusema hivyo maana kwangu ndo barabara nzuri kuliko zote hapo, nyembamba, inapanda kwenye misitu ya mialoni kutoka bonde la Jerte mpaka mita 1,430 halafu inashuka mpaka Hervás bonde la Ambroz, kimya unasikia cheni yako mwenyewe. Lakini wastani wake unapita asilimia 6 kwa kilomita 13, kati ya pande mbili hakuna kijiji wala duka, simu usiitegemee, ng'ombe wanasimama barabarani baada ya kona, na moto mkubwa wa Agosti 2025 ulioanzia Jarilla ulipanda milima hiyohiyo, na mlima ulioungua ukipata mvua kubwa unatupa mawe na tope barabarani. Mwenye goti bovu akikwama huko hana pa kukimbilia. Mdogo wako aende, siku kavu, baada ya kuuliza hali ya barabara kijijini, na akishafika Hervás kama hataki kurudi juu ashike barabara ya N-630 mpaka Plasencia, ina nafasi kwasababu magari mengi yamehamia A-66. Mwambie pia simu yake isimdanganye, kuna njia inaitwa Ruta de Carlos V inayotoka Tornavacas kuvuka mlima mpaka Jarandilla, alikopita mfalme Carlos V mwaka 1556 akielekea monasteri ya Yuste, ramani inaweza kumwonyesha kama njia ya mkato lakini ile ni ya miguu na mawe.

Huyo mdogo wako mimi namwogopea kushuka kuliko kupanda. Amekulia kwenye kuendesha kushoto, na makosa hayatokei kwenye msururu wa magari, yanatokea barabara ikiwa tupu, umesimama kupiga picha, unaondoka akili iko mbali unajikuta upande wa kushoto kwenye kona. Kila mkisimama wewe ndo uondoke wa kwanza, yeye akufuate. Na kama amezoea breki ya mbele mkono wa kulia, kama zilivyo baiskeli zilizopangwa kwa mtindo wa Uingereza, ajue za Hispania kwa kawaida ya mbele iko kushoto, akikodi aizungushie kwanza uwanjani.

Wewe uliyezoea tambarare hujawahi kushuka kilomita 13, kwahiyo sikiliza. Shika usukani kwa chini kwenye ile mikunjo, vidole viwili juu ya kila breki, kutoka huko ndo unapata nguvu ya kuvuta bila kukaza mkono mzima. Usiburuze breki kidogokidogo kuanzia juu mpaka chini, rimu na padi zinapata moto bila nafasi ya kupoa. Funga kwa nguvu kabla ya kona ukiwa bado umenyooka, achia, pinda, acha upepo upoze, kona inayofuata hivyohivyo. Macho yaangalie mwisho wa kona unakotaka kwenda. Na uangalie sana ukingo wa ndani wa kona baada ya mvua, graniti ya huko ikioza inakuwa mchanga mnene wa punje kubwa, maji yanaushusha na kuutandaza palepale ambapo tairi lako linataka kupita. Ukiuona nyoosha baiskeli, pita polepole, usiguse breki ukiwa juu yake. Padi mpya weka kabla ya safari, na ukisikia breki inaanza kuwa laini au inanuka, simama upoe dakika kumi, hakuna anayekukimbiza.

Wewe beba kadi yako ya bima ya Ulaya, mdogo wako hakikisha bima yake ya safari inataja baiskeli kwa maandishi, nyingi zinaitoa. Mkianguka kichwa kikagonga chini, hata akisimama na kusema yuko sawa, siku imeisha, piga 112 au nendeni hospitali ya Plasencia akaangaliwe. Treni kutoka Madrid ipo mpaka Plasencia, ila nafasi za baiskeli ni chache na kila treni ina utaratibu wake, ulizia kabla hujakata tiketi maana nyingine zinataka baiskeli ifungwe kwenye begi.

Chumba tafuta Navaconcejo au Cabezuela, na ukitafute sasa hivi kwasababu wiki za maua vijiji vinajaa mapema. Chagua kinachokuruhusu kubadili tarehe kwa siku kadhaa mbele au nyuma, hiyo itakusaidia maua yakichelewa, na kabla hujalipa muulize mwenye nyumba baiskeli zitalala wapi, ndani au nje.